Sura ya Sita: Kidato Chini ya Tumbo

Anayetaka kuunda ndege ya majini ya rimoti aanze kwa kuisahau ndege. Anachounda ni mashua, ila mashua hii imetumwa kazi ambayo nyingine hazikutumwa: kuyaacha maji. Kuruka si tatizo. Chombo chochote chenye bawa la kutosha na mota yenye nguvu kitaruka, na sura iliyopita imekwisha kueleza hayo. Kuelea nako si tatizo, maana hata debe tupu la mafuta ya kupikia linaelea. Kazi yote iko katika zile sekunde chache za katikati, pale chombo kinapokuwa si mashua tena na bado hakijawa ndege. Aliyelipua kazi mezani huumbuka hapo, mbele za watu.

Meza yenyewe iko Jebel, magharibi mwa Juba, chini ya lile jabali la Jebel Kujur linaloonekana kutoka karibu kila upande wa mji. Ni mtaa wa soko, wa malori ya barabara ya Yei, na wa akina mama wanaokaa juani wakiponda mawe kwa nyundo yawe kokoto za ujenzi. Vumbi la mawe hayo litatusumbua tutakapofika kwenye pasi. Mgeni akiona ndege ya majini juu ya meza ya hapa hucheka: bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja, na mtaani kwenyewe maji huletwa kwa lori la tangi. Lakini lori hilo huyachota kwenye Bahr el Jebel, kama Nile inavyoitwa inapopita hapa, na mto huo uliwahi kuwa kiwanja cha ndege.

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kutoka London hadi Mwanza. Kipande cha Khartoum hadi Ziwa Victoria kilikabidhiwa ndege-boti aina ya Short Calcutta, yenye injini tatu, mwili wa bati la aloi na nafasi ya abiria 15. Juba ilikuwa kituo kimojawapo. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa na rubani Alan Cobham, aliyeizunguka Afrika kwa ndege-boti kati ya 1927 na 1928. Sababu ya kuchagua maji ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kusafiri nchi hii masika. Kiwanja cha nchi kavu kinataka kufyekwa, kusawazishwa na kumwagiwa kokoto, na mvua moja kubwa inakirudisha kuwa tope. Mto umesawazishwa na Mungu. Mwaka 1937 zikaja ndege-boti kubwa zaidi, Short Empire, zenye ghorofa mbili na injini nne, zikitoka Southampton hadi Durban kwa kufuata Nile, maziwa, halafu pwani yetu: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi.

Nayataja haya mapema kwa sababu watu huiona ndege ya rimoti kama mtoto anayeiga wakubwa. Kwa ndege za majini mambo ni kinyume. Kiwanda cha Short Brothers huko Rochester kilikuwa na hodhi lake refu la maji, na tumbo la kila aina mpya lilianza maisha likiwa kifani kidogo kilichokokotwa humo kwa waya, mhandisi akisoma jinsi maji yanavyolishika. Ufundi huo aliuanzisha Mwingereza William Froude, aliyejenga hodhi la namna hiyo Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870 ili kupima vifani vya meli. Kwa hiyo zile zilizotua Juba zilizaliwa na vifani, wala si vifani vilivyozaliwa nazo.

Hesabu za Froude bado zinatusaidia mezani. Short Empire ilikuwa na bawa la mita 34.7 na uzito wa kuruka wa karibu kilo 18,400. Igawe kila urefu kwa 24, bawa linakuwa mita 1.45. Uzito haugawanywi kwa 24. Unagawanywa kwa 24 mara 24 mara 24, kwa sababu kitu kinapungua urefu, upana na kina kwa pamoja, na jibu ni kilo 1.33. Mwendo nao unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 24, yaani karibu 5. Seti tunayoiunda katika sura hii ni ya ndege-boti yenye mota moja, bawa la mita 1.4 na uzito wa kilo 1.4 ikiwa tayari kuruka. Haijanakili ndege yoyote ya kweli, lakini ukiilinganisha na hesabu hizo utaona kwamba maji yataiona kama yalivyoziona zile kubwa.

Sasa boksi. Bidhaa za namna hii hufika Juba kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa ndege ya mizigo, ghali, na hapo betri huleta maneno kwa sababu betri za lithiamu huhesabiwa mizigo ya hatari. Ya pili ni kupitia Kampala, kisha mpakani Elegu na Nimule, kisha ile lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012. Mbao za balsa hazina tatizo na joto la lori. Zinachokichukia ni kulaliwa, kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kufungua ni kukagua vipande virefu vya bawa kimoja kimoja, ukivishika mwisho na kuvitazama kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao. Kilichopinda kirudishiwe unyevu kidogo, kiwekewe uzito juu, kilale usiku kucha. Balsa nyingi duniani hutoka Ekuado, na kipande chake ni chepesi kiasi kwamba mtu asiyekizoea hudhani ameuziwa sponji.

Ndani ya boksi hakuna meza. Hilo wauzaji hawalisemi. Kila kitabu cha maelekezo kinadai uwe na uso ulionyooka kabisa, na meza za mbao za hapa, pamoja na uzuri wake, hucheza kadiri majira yanavyobadilika. Dawa iko kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Nilikwenda kwa mmoja wao sokoni, Mganda mwenye tepu shingoni, nikamwomba kioo cha milimita 8, mita moja na nusu kwa sentimita 40.

“Mwalimu, dirisha gani hili refu hivi, tena halina fremu?”

“Si dirisha, fundi. Ni meza ya kuundia ndege.”

Akaandika vipimo bila kuinua kichwa, kisha akauliza kama ndege hiyo nayo haihitaji aluminiamu.

Swali lake halikuwa la mzaha. Mwaka 2015 vyombo vya habari vya kimataifa vilisambaza picha za kijana wa Juba, George Mel, aliyekuwa na miaka 23, akiwa na ndege ndogo ya mtu mmoja aliyoiunda mwenyewe nyumbani kwao: fremu ya aluminiamu, injini ndogo za petroli, na kwa rubani kiti cha bustani. Hadi picha zile zinasambaa ilikuwa haijaruka. Mimi siionei aibu hata kidogo. Mtu aliyejifunza kwa vitabu na intaneti, katika mji uliokuwa umetoka tu kwenye mapigano ya Desemba 2013, akafika hatua ya kubishana na uzito na uwiano kwa mikono yake, huyo ameshaingia darasani. Kioo nilichonunua kimekatwa na mafundi wa aina ileile wanaokata aluminiamu ya mji huu.

Kioo kina faida nyingine: gundi iliyomwagika hubanduka kwa wembe. Na hapa gundi itamwagika. Gundi ya mchanganyiko, ile ya chupa mbili, hukauka kwa mmenyuko unaokimbizwa na joto. Kwa kukadiria, kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda wa kuishika hupungua nusu. Iliyoandikwa dakika tano imepimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Mwezi wa Machi Juba, saa nane mchana, chumba kina nyuzi 38, na dakika tano zako ni kama moja na nusu. Kwa hiyo kata, panga, bana kila kitu pakavu kwanza, ndipo uchanganye, tena kidogo. Wengine hufanya kazi ya gundi alfajiri, kabla bati halijapata moto. Nakubaliana nao.

Mwili huanza na mkuku. Waundaji wa majahazi watalijua jambo hili bila kuelezwa: mkuku unalazwa, mataruma yanasimamishwa juu yake, halafu mbao zinavishwa. Katika seti yetu mkuku ni plaiwudi ya milimita 3 na mataruma ni balsa yenye mfereji, kila moja na namba yake. Usiyagundishe hata moja kabla ya kuyapanga yote na kuangalia kutoka omo hadi tezi kwamba yamesimama wima. Mwili uliopinda nyuzi mbili angani husahihishwa kwa rimoti. Majini hausahihishiki, chombo kitakuwa kinakwenda upande siku zote za maisha yake.

Kisha unafika kwenye tumbo, na hapo ndipo nakuomba uache haraka.

Tazama mwili wa ndege-boti yoyote kwa ubavuni. Tumbo linatoka puani likiwa limenyooka vizuri, halafu ghafla, karibu na chini ya bawa, linakatika kama ngazi na kuendelea nyuma likiwa juu zaidi, likipanda kuelekea mkiani. Hicho ndicho kidato. Kwa macho ya mtu wa mashua kinaonekana ni uharibifu, kwa nini ukate tumbo laini? Kinapingana na kila kitu kinachofanya jahazi liteleze.

Sababu ni kwamba maji hung’ang’ania. Chukua kijiko, kining’inize kwa vidole viwili chini ya bomba, upande wa mgongo ukigusa mkondo wa maji. Kijiko hakisukumwi mbali, kinavutwa ndani ya mkondo. Maji yanayopita juu ya umbo la mviringo hulifuata umbo, na kwa kulifuata hulivuta. Tumbo la ndege linapokimbia majini, sehemu ya mbele inasukumwa juu na maji, lakini sehemu ya nyuma inayojikunja kuelekea mkiani inavutwa chini kwa nguvu hiyo ya kijiko. Kadiri unavyoongeza moto ndivyo inavyozidi kuvutwa. Chombo hukimbia na kukimbia na hakinyanyuki.

Waliotangulia walilipata tatizo hili bila kulitarajia. Mfaransa Henri Fabre alikuwa mtu wa kwanza kuruka kutoka majini, tarehe 28 Machi 1910, kwa chombo kilichosimama juu ya maboya matatu. Lakini Glenn Curtiss wa Marekani alipojaribu mwaka 1912 kuufanya mwili wa ndege wenyewe uwe mashua, ulikataa kubanduka mpaka ulipoongezewa kidato chini. Kidato huvunja mfuato. Maji yakifika ukingoni hayawezi kupinda kona kali, yanaruka moja kwa moja nyuma, hewa inaingia nyuma ya ngazi, na mvuto unakatika. Kuanzia hapo chombo kinateleza juu ya kipande kidogo tu cha tumbo la mbele.

Hivyo basi mahali, kina na ukali wa kidato ndivyo vitu vitatu ambavyo siruhusu mtu avikadirie kwa macho. Mahali: nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Chora mstari wima kutoka kitovu hicho kwenda chini, kisha mwingine unaokwenda ukingoni mwa kidato, na pembe kati yake iwe nyuzi 10 hadi 15. Kwenye mwili wetu hiyo ni kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Kidato kikiwa mbele mno, chombo kinanesanesa pua juu chini kikishika kasi. Kikiwa nyuma mno, pua haiinuki wakati wa kuondoka. Kina: milimita 10 hadi 12 kwa mwili wenye upana wa sentimita 13. Ukali: hapa ndipo seti nyingi zinapoharibikia mikononi mwetu, kwa sababu msasa una tabia ya kulainisha kila kona, na filamu ya kufunika hulainisha kilichobaki. Kona ya mviringo ya milimita mbili inatosha kuyarudishia maji njia ya kufuata. Mimi hubandika ukanda wa plaiwudi nyembamba kwenye ukingo, unatokeza nusu milimita, na baada ya filamu kupita naunoa kwa jiwe. Uutembezee ukucha. Ukiukwaruza ukucha, basi uko sawa.

Pembeni mwa tumbo, pale linapokutana na ubavu, gundisha zile fito mbili zilizomo kwenye boksi bila jina la maana. Kazi yake ni kuyalaza chini maji yanayoruka, yasifike kwenye propela. Tone la maji kwenye propela inayozunguka mara elfu kumi kwa dakika ni kama changarawe.

Mbao zikishavishwa huja kazi ya kalafati, ila badala ya pamba na mafuta tunatumia gundi ya polepole iliyolainishwa kwa spiriti kidogo, ikapakwa ndani ya mwili mzima kwa brashi. Ndani kwanza. Wengi hupaka nje tu, wakaridhika na mng’aro. Maji hayaingii kupitia uso, huingia kupitia matundu: pale nyaya za usukani zinapotokea, chini ya kifuniko cha betri, na kwenye mshono wa kidato chenyewe.

Kisha vumbi. Filamu ya rangi hushikishwa kwa pasi ndogo yenye joto la nyuzi 110 hadi 130, na gundi iliyo mgongoni mwake haitofautishi mbao na unga wa mawe. Siku ambayo nyundo za kokoto zinasikika kutoka dirishani si siku ya pasi. Subiri mvua ya kwanza, au funga chumba, mwagia sakafu maji, na upanguse mbao kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila kipande. Rangi iwe ya machungwa au njano. Nyeusi hupendeza, lakini huchemsha balsa juani mpaka filamu ikakunjamana, tena ndege nyeusi iliyopinduka majini huitafuti, unaiombea dua.

Bawa lenyewe ni kama bawa la sura iliyopita, sirudii. Kilichoongezeka ni maboya mawili madogo karibu na ncha. Mwili mmoja mwembamba hausimami majini ukiwa na bawa la mita 1.4 juu yake, na maboya yale yanafanya kazi ya mbao za pembeni za ngalawa. Ndege hutaka liguse maji boya moja tu kwa wakati, tena kwa shida. Chombo kikiwa kimetulia na bawa limesawazika, kila boya liwe juu ya maji kwa sentimita moja hivi. Likizama zaidi ya hapo litavuta ncha ya bawa wakati wa kukimbia na chombo kitazunguka kama pia.

Mota inakaa juu, kwenye mlingoti, mbali na maji. Urefu huo una gharama: mvuto wa propela uliopita juu sana huinamisha pua kila unapoongeza moto. Ndiyo sababu kibao cha mota katika seti kimekatwa kwa mshazari. Usidhani ni kasoro ya kiwandani ukakinyoosha. Vifaa vya umeme vipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya chupa ndogo inayouzwa kila genge la vipodozi, matabaka mawili kwenye sakiti, ukiacha wazi sehemu za kuchomekea. Risiva iwekwe juu iwezekanavyo ndani ya mwili, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji, na iwe imepangwa kuzima mota yenyewe inapopoteza mawasiliano. Betri ya seli tatu, volti 11.1, ndiyo itakayosogezwa mbele na nyuma mpaka kitovu cha uzito kikae asilimia 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ukiisogeza, kumbuka kwamba unasogeza pia uhusiano wake na kidato.

Joto linarudi tena hapa. Juba iko mita 460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye nyuzi 38 hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ile ambayo watunga vitabu vya maelekezo huifikiria. Ndege yetu, yenye eneo la bawa la mita za mraba 0.35, ingeacha maji kwa kilomita 29 kwa saa pwani siku ya baridi. Hapa inahitaji 31. Zinaonekana mbili tu, lakini propela nayo inakula hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo mbio zinarefuka pande zote mbili. Urefu wa maji ni kitu cha kupimwa kabla hujatia mguu.

Kuna ndege iliyokuwa inakuja Juba ambayo ilijifunza hilo kwa njia mbaya. Tarehe 14 Machi 1939 Short Empire iliyoitwa Corsair iliondoka Port Bell, Uganda, kuelekea hapa. Kifaa cha kutafuta mwelekeo kwa redio kikawa na hitilafu, rubani Alcock akapotea, mafuta yakakaribia kwisha, akaona mto mwembamba na kutua. Alikuwa Kongo ya Wabelgiji, karibu na Faradje. Kutua alitua salama, ila jiwe lililozama likapasua tumbo. Abiria wote walinusurika. Mafundi wakaja kutoka Uingereza, wakaikalafati na kuiziba porini kwa miezi, na Julai walipojaribu kuirusha ikagonga jiwe jingine. Shida ilikuwa ileile ya mezani kwetu: maji yalikuwa mafupi na haba kwa chombo kufika mahali pa kuteleza juu ya kidato chake. Mwisho wakajenga bwawa, kwa mikono ya wanakijiji wa pale, mto ukajaa nyuma ya ukuta, na tarehe 6 Januari 1940 rubani Kelly Rogers akainyanyua. Makazi yaliyoota kuizunguka kazi hiyo yakaitwa Corsairville. Historia hukumbuka majina ya marubani hao wawili, na si ya waliobeba mawe ya bwawa.

Kuhusu Nile yenyewe, nasema wazi: usiipeleke. Pana mkondo, pana magugu maji yanayoelea, na zaidi ya yote pana sheria. Juba hata kupiga picha hadharani kunahitaji kibali, sembuse kurusha chombo cha rimoti karibu na daraja au juu ya makambi. Kibali cha mamlaka ya anga na cha vyombo vya usalama kitangulie, kwa maandishi, na bila hicho ndege ibaki mezani. Majirani nao wana taratibu zao. Kenya ilitoa kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020, na Mwanza, ambako barua za 1931 zilikuwa zikienda, Oktoba 2018 iliandaa mashindano ya droni juu ya Ziwa Victoria. Ukiwa na subira, kuna mahali pa kurushia.

Bila kuruka, bado unaweza kujua karibu kila kitu. Omba bwawa la kuogelea la hoteli asubuhi, kabla ya wageni. Toa propela. Funga uzi puani, mwisho wa uzi uwe kwenye fimbo, na kati yake ile mizani ndogo ya kupimia mizigo ya safari. Mmoja akimbie ukingoni mwa bwawa na fimbo, mwingine asome mizani. Kwa mwendo wa kutembea inasoma kidogo. Ukianza kukimbia inapanda haraka, pua inainuka, mkia unazama, na ungeapa kwamba chombo kimegeuka jiwe. Hapo ni kama kilomita 11 kwa saa, ndiyo kilele. Endelea. Ukipita kilele mkia unainuka, maji nyuma ya kidato yanaachana na tumbo mpaka unaona pengo, na mizani inashuka ingawa unakimbia zaidi. Hicho ndicho Froude na watu wa Rochester walichokuwa wakikitafuta kwenye mahodhi yao. Mota yako lazima ivute zaidi ya namba ya kileleni, na ziada ya nusu yake. Isipofika, hakuna ustadi wa vidole utakaokuokoa.

Kama mizani haishuki, pindua chombo utazame ukingo wa kidato. Mara nyingi filamu imevimba hapo, au kona imeliwa na msasa.

Mwisho pima uzito kabla ya kukiweka majini, kiache kielee nusu saa, kikaushe nje kwa taulo, upime tena. Gramu mbili tatu ni unyevu wa kawaida. Zikifika 20 kuna tundu, na kwa kuwa kilo 1.4 zetu zimehesabiwa hadi tone, ziada hiyo itaonekana kileleni. Fungua kifuniko, inamisha pua chini, uone maji yanatokea wapi. Anza na mshono wa kidato, kisha matundu ya nyaya, kisha kifuniko chenyewe, na usipake gundi mpaka ndani pakauke kabisa. Kwa hali ya hewa ya Jebel, hiyo ni kazi ya mchana mmoja.